Kurasa Mbili za Mama

Tarehe 4 Februari

Mkaa, mdogo wangu,

Kitabu chako cha picha cha kumi na nane kimefika. Kona moja imepondeka lakini hakuna ukurasa uliochanika. Salamu nitakupa baadaye, kwanza nina ugomvi na wewe.

Hivi huyu kijana wako mfua funguo ataacha lini kueleza ngumi kabla ya kuipiga? Kurasa kumi na nne, Mkaa! Anasimama, anakunja uso, anaeleza nguvu za mkono wake kazipata wapi na kwa mwalimu gani, na adui naye anasubiri kwa adabu kama yuko foleni ya benki. Adui wa kweli angekuwa ameshafika kwao, amevua viatu. Na wasichana wako wote ni mmoja. Ukiwanyoa nywele, hata mama zao watagombania yupi ni wa nani. Macho kama sahani, pua hakuna, kidevu kama ncha ya pasi.

Halafu nguo. Mimi ni fundi cherehani, hapo huwezi kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Shati la huyo kijana halina mshono wa bega. Mkono umeota tu pale. Akiinua nyundo, kitambaa kinatakiwa kivute kwapani na kipande juu kiunoni, lakini lake limetulia tuli kama limepigwa gundi. Nani kamshonea? Mrudishie.

Lakini vyumba, jamani! Ukurasa wa sitini na mbili, kile chumba cha mjane. Pazia lina upindo, na upindo umeachia uzi upande mmoja, upande uleule ambao mtu huvuta kila asubuhi. Rangi ya ukuta imebanduka nyuma ya mlango, pale kitasa kinapogonga. Hakuna mtu mle ndani, hakuna kiputo hata kimoja cha maneno, na nilimjua huyo mjane kuliko alivyojieleza mwenyewe kurasa ishirini nzima. Nilikaa na ukurasa ule mpaka chai ikapoa. Kinachonishangaza ni kwamba anayelijua pazia kiasi hiki anashindwaje na shati.

Sasa la Mama. Daktari wa macho kampima tena. Presha ya macho imekula pembeni kote, jicho la kushoto limeshafunga, na la kulia limebaki na kitobo katikati tu. Matone anayotia yanachelewesha, hayarudishi. Daktari kasema labda mwaka, labda pungufu. Mama hakulia. Tulipotoka nje akaniuliza kama kitabu kimefika.

Tunasoma hivi: mimi nashika lenzi na kuweka kidole kwenye kisanduku, namsomea maneno, kidole kinahama na yeye anakifuata. Kitabu kimoja kinatuchukua wiki tatu. Na tangu kitabu cha kwanza ana swali moja: huyo kijana anafungua milango yote hiyo akimtafuta mama yake, je, siku akimpata, huyo mama atakuwa na sura ya nani? Juzi akajijibu mwenyewe. Akasema, "Mwambie mwanangu anichore mimi. Nataka nijione kwa mkono wake kabla giza halijaingia."

Ndilo ombi lake. Tangu uondoke hajakuomba kitu, hata sabuni. Usimcheleweshe.

Hatujambo sote. Haya, hiyo ndiyo salamu.

Dada yako


Tarehe 2 Machi

Dada Mkasi,

Barua yako nimeipata, pamoja na vipande ulivyonikata. Watu huku wanapanga mstari dukani siku kitabu kinapotoka, mmoja aliniambia (alimwambia mwenzake, nami nilikuwa nyuma yao) kwamba hakulala kwa ajili ya mlango wa saba. Dada yangu wa tumbo moja yeye ananipimia mabega ya shati!

Nikueleze, kwa kuwa unapenda kueleweshwa kama unavyopenda kubishana. Ngumi inaelezwa kwa sababu hadithi hutoka kwanza kwenye jarida, kipande kimoja kwa mwezi, kabla ya kukusanywa kitabu, na msomaji ameshasahau. Macho ni makubwa kwa sababu humo ndimo hasira na huruma zinakaa, na kwenye kisanduku kidogo huna mahali pengine pa kuziweka. Na sura ni nyepesi kwa makusudi. Ukichora kila kunyanzi, umemchora mtu fulani, na msomaji atabaki kumtazama. Ukiiacha sura wazi, msomaji anaingia mwenyewe anakaa ndani. Ndiyo siri ya manga, hizi hadithi za picha za huku, Dada. Si uvivu.

Ndiyo maana hilo la Mama ni gumu. Uso wa Mama una mambo mengi. Ukiuweka kati ya nyuso zile utaonekana umetoka kitabu kingine. Tena hadithi ina mkondo wake, na huyo mama wa kijana hajafikiwa bado. Mwambie asubiri kidogo. Mwambie nalifikiria.

Na nakuomba jambo moja, kwa wema kabisa. Acha kusifia kuta. Kila barua kuta, kila barua mapazia. Hakuna mtu aliyejenga jina kwa kuta.

Mkaa


Tarehe 10 Juni

Mkaa,

Kitabu cha kumi na tisa kimefika. Nilikaa nikisome peke yangu kwanza, nijue sehemu za kumrukisha Mama, maana siku hizi akiona damu nyingi anakosa hamu ya kula.

Nilikuwa na mengi ya kukusifu. Ile sura ya mfua funguo anapokaa ngazini baada ya kushindwa, kurasa nne bila neno, ni mara ya kwanza nimeona mtu wako ananyamaza akaeleweka. Nikasema kumbe kijana ananisikiliza.

Halafu nikageuza jalada. Kuna pale ndani, kwenye mkunjo, panapokaa maneno machache ya mchoraji mwenyewe. Miaka yote huwa ni vichekesho, mgongo unauma, paka kalala kwenye karatasi. Safari hii pameandikwa: "Mwaka huu nimemzika mama yangu. Kitabu hiki ni chake."

Nimeyasoma mara tano. Mama alikuwa chumba cha pili anakohoa.

Mama yupi umemzika, Mkaa?

Ulituambia jina la kwenye jalada ni jina lako la kalamu. Tukakubali, wasanii wana mambo yao. Ulituambia hupendi kupigwa picha, tukasema ni mdogo wetu yule, mwenye haya tangu utoto. Mama kliniki anawaambia wagonjwa wote pale benchi kwamba mwanawe ndiye mwenye Mfua Funguo. Nesi mmoja analeta vitabu vya mwanawe ili Mama aviwekee dole gumba, kama sahihi ya mzazi wa mchoraji. Naye anaweka!

Nimechukua karatasi ya kukatia mitindo nikabandika juu ya maneno yale. Mama amepapasa akauliza hapa pana nini, nikasema pamechanika. Nijibu. Usinijibu kwa mzaha.

Dada yako


Tarehe 1 Julai

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sasa naandika bila kufuta.

Kitabu si changu. Jina la kwenye jalada ni la mwenyewe, ni mzee wa miaka hamsini na tisa, tunamwita Mwalimu, na ndiye aliyemzika mama yake. Mimi ni msaidizi wake. Tuko watatu kwenye chumba kimoja, meza zimegeukia ukutani. Mwalimu anachora watu kwa wino, kisha ukurasa unakuja kwangu. Watu wamesimama kwenye weupe mtupu, hawana sakafu wala dirisha, na mimi ndiye ninayewapa mahali pa kusimama. Nachora milango, masufuria, ngazi, mapazia. Miaka saba sijachora uso. Hairuhusiwi. Msaidizi akigusa uso, mkono wa pili unaonekana na msomaji anajua.

Wewe ulijua. Ndicho kilichokuwa kinaniua. Kila barua ulikuwa unaichana kazi ya Mwalimu na kuisifu yangu, na kila barua mimi nilijitia kuitetea ya Mwalimu kwa sababu ndiyo niliyoiita yangu. Ile barua ya chumba cha mjane nimeibandika juu ya meza. Wenzangu wanadhani ni barua ya msomaji.

Unataka kujua ilianzaje. Nilipowatumia kitabu cha kwanza, mlinijibu "Mama anasema hongera kwa kitabu chako." Nilitaka kusahihisha. Nikasema nitasahihisha barua ijayo. Ikaja ya pili, Mama ameshawaambia majirani. Basi, uongo ule sikuupanda mimi, ila niliuacha uote, na ulipokuwa mkubwa nikaogopa kuung'oa mbele za watu. Jina la kalamu nililitunga baadaye. Hilo nakiri ni langu.

Usimwambie Mama. Nakuomba kama ninavyokuomba maji nikiwa na kiu. Acha macho yake yafunge akijua ana mwana aliyefika.

Mkaa


Tarehe 15 Julai

Wewe,

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako umeitembea miaka saba, na sisi nyuma yako tumebeba mizigo.

Najua nilipata wapi ujinga huu. Niliona mikono miwili. Mtu anayeshona kutwa anajua pindo mbili zikiwa za mafundi wawili, hata kama uzi ni mmoja. Nikaona, nikaandika, nikauliza, kisha nikameza jibu lako kwa sababu ni wewe. Na nilikuwa nakusuta kwa kazi isiyo yako. Ulisoma yote hayo na kukaa kimya! Kwani ungepungukiwa nini ukisema, Dada, mimi ndiye wa mapazia? Ningetembea na kitabu mtaa mzima nikionyesha mapazia.

Sasa umenifanya na mimi mwongo kwa mama yangu. Jana kaniuliza umeanza kumchora. Nikasema ndiyo. Nilimtazama usoni nikasema ndiyo, na yeye akageuza kichwa huku na huku akinitafuta, akanipata, akatabasamu.

Mama hakioni tena kijiko mpaka kigonge sahani. Kitobo kimebaki kama shimo la kifungo.

Sitamwambia. Si kwa ajili yako. Ila huo uso utachorwa. Nenda kwa huyo Mwalimu wako, piga magoti, lia, fagia studio yake mwaka mzima, sijali. Uso mmoja tu. Na usiniandikie tena mpaka uwe nao mkononi, maana maneno yako nimeyachoka.

Dada yako


Tarehe 20 Oktoba

Dada,

Ninao.

Nilikwenda kwa Mwalimu siku niliyopata barua yako. Nilimweleza yote, hata lile la dole gumba la Mama kwenye vitabu vya watu. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia mfua funguo anakaribia mlango wa mwisho, na yeye amejaribu mwezi mzima kumchora yule mama na hawezi. Kila akianza, unatoka uso wa marehemu wake, na mkono unakataa. Akasema, "Wangu siwezi. Wewe wako yu hai. Mchore." Akanipa kurasa mbili. Watu na kuta, vyote vyangu.

Nilichora wiki tano. Ni kurasa mbili zinazotazamana, kitabu kikifunguliwa zinakuwa moja. Nimezigawa visanduku sita virefu vilivyosimama bega kwa bega kama mbao za uzio, kutoka ukurasa mmoja hadi wa pili. Hamna neno. Kijana amefungua mlango, na tunaona anachokiona: jiko letu, kiti kitupu, jua dirishani. Kisha kivuli mlangoni. Kisha kisigino kinavuka kizingiti. Kisha Mama anapita, nusu mgongo. Kisha mkono umeshika kiti. Kisha amekaa, anakutazama. Uso wake una kila kunyanzi. Nilikuambia hautakaa kati ya nyuso zile, na kweli haukai, na ndicho kinachowaliza watu. Jarida lilipotoka barua zilijaa kikapu. Mwalimu kaniandika kwenye mkunjo wa jalada: kurasa hizi ni za msaidizi wangu, na mama ni mama yake.

Sasa usikasirike. Kitabu cha ishirini nimekituma kwa Mama moja kwa moja, kwa mtu wa vifurushi, na bahasha ina jina lake. Hii barua inakuja kwa posta, ichelewe itakavyo. Nataka aone kabla hujasema kitu. Miaka saba kila kitu changu kimemfikia kimepita kwenye mkasi wako. Safari moja tu, Dada, nataka mtu aitazame kazi yangu bila maoni yako.

Ukiisoma hii atakuwa ameshaona. Niambie alisemaje. Usiache hata neno.

Mkaa


Tarehe 12 Novemba

Mkaa,

Barua yako imefika leo. Kitabu kilifika wiki mbili zilizopita, Jumatatu, saa nne asubuhi. Ungeigeuza, barua ije mbele na kitabu kifuate, leo ningekuwa nakuandikia mengine.

Nilikuwa kazini. Ni msimu wa sare za shule, naondoka alfajiri narudi jioni. Mama alipokea mwenyewe. Mtu wa vifurushi akamsomea jina lake kwenye bahasha, akafurahi mpaka yule mtu alikuja kunisimulia baadaye. Akachukua lenzi, akavuta kiti dirishani kwenye mwanga, akafungua. Vile kumi na tisa vyote nilivifungua mimi. Hiki ndicho cha kwanza kukifungua kwa mkono wake.

Unajua alikifungua vipi? Kama wewe na mimi tulivyofundishwa shuleni, kutoka kushoto. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba manga inaanzia kulia. Sikuona haja. Kidole changu ndicho kilichojua njia, yeye alikuwa anakifuata tu. Na kwa kile kitobo chake haoni kurasa mbili, haoni hata moja. Anaona kisanduku kimoja, anasogeza lenzi, anaona kingine.

Akapekua akitafuta uso wake. Akaupata upande wa kushoto kabisa. Akaanzia hapo.

Niliporudi nilimkuta amekaa palepale, kitabu kimefungwa mapajani. Nikauliza, Mama, vipi? Akasema, "Nimeona." Basi. Siku tatu hakusema zaidi. Ukimsalimia anaitika, chakula anakula. Siku ya nne, mchana, nilikuwa nimerudi kuchukua pasi, akaniambia polepole kama anayesoma hukumu: "Nimekaa kwenye kiti changu, nikamtazama. Halafu nimenyanyuka, mkono bado uko kwenye kiti. Halafu naondoka nampa mgongo. Halafu nimebaki kisigino. Halafu nimebaki kivuli. Halafu kiti kitupu, na jua linawaka jikoni kwangu kana kwamba hakuna aliyetoka. Mwanangu ameshanizika."

Nilikimbia kuchukua kitabu. Nikapiga kelele, Mama, umeanzia mwisho, hapo unaingia, unaingia! Nikamwekea lenzi, nikaweka kidole kulia. Akainama. Akasogeza kichwa huku, akasogeza huku. Akaniuliza kwa nini nimefunga dirisha.

Ilikuwa saa saba mchana, Mkaa, na dirisha lilikuwa wazi. Sijui lilifunga lini hilo jicho, Jumanne, Jumatano, hakuniambia. Nikashika kidole chake nikakipitisha kwenye karatasi, hapa mlango, hapa kisigino, hapa umekaa. Karatasi ni laini tu. Kidole hakisomi wino.

Hapo nikavuruga zaidi. Nilitaka aamini, ulimi ukanitangulia. Nikasema, Mama, huyu miaka saba hajaruhusiwa kuchora mtu hata mmoja, kurasa hizi mbili kazipigia magoti, ndiyo azitumie kukufukuza jikoni? Nikasikia nilichosema.

Akauliza, "Kwa hiyo kitabu si chake?"

Nikasema si chake, Mama.

"Na wewe ulijua."

Tangu mwezi wa saba.

"Na ile karatasi uliyosema pamechanika?"

Akanitafuta kwa mkono, akanipata goti, akaliacha. Akasema, "Miaka saba mmenieleza nyinyi yaliyomo, na yote yalikuwa uongo. Moja tu nimeliona kwa jicho langu mwenyewe. Na hilo ndilo mnataka nilikatae."

Kila siku namweleza. Nimemleta hata jirani aeleze. Anasema jirani ni rafiki yangu.

Hukutaka maoni yangu. Utayapata. Ni kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kugusa. Mkono wake kwenye kile kiti unaweza kuusikia unavyokwaruza. Nilikaa nayo nikalia, kisha nikakichukia kitabu, kisha nikakuchukia wewe na bahasha yako, na wiki moja ya mkasi ambayo hukuweza kuvumilia. Na mimi na kidole changu nisituache nje ya lawama hiyo. Lakini mimi naamka naye, wewe umekaa huko na kikapu cha barua.

Anataka kukuandikia. Kesho kutwa sina kazi, nitakaa nimwandikie. Nitaandika anavyosema.

Dada yako


Tarehe 14 Novemba

Mwanangu Mkaa,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, macho ndiyo yamepumzika.

Kazi yako nimeiona. Umejitahidi. Kovu langu la kidevuni umelikumbuka, na kitambaa cha kichwa umekifunga ninavyofunga mimi, si wanavyofunga wengine. Sikujua kama ulikuwa unanitazama kiasi hicho. Ulikuwa umeinamia karatasi zako siku zote, nikadhani huoni kitu.

Wananiambia hukuwa mwenye kitabu, ulikuwa mwenye kuta. Kama ungeniambia, ningekwenda kliniki na hilohilo. Kuta ni kazi. Baba yako alikuwa fundi wa kupaka chokaa na hatukumwonea haya. Sasa wale wa pale benchi sijui nitawaambia nini, naona bora nisiende.

Dada yako anasema umenichora naingia. Amenieleza asubuhi na jioni, mpaka sauti imemkauka. Mimi namwambia sawa mwanangu, nimesikia, maana kubishana kunachosha. Lakini akitoka naona nilichoona. Hakuna kingine kilichokuja juu yake kikakifunika. Mtu mwenye macho akiona baya leo, kesho anaona mengine, anasahau. Mimi nimebaki na hilo. Nanyanyuka, naondoka, na wewe umesimama mlangoni hujaniita.

Sikulaumu. Ila kama kwa picha ile hukuwa unaniaga, njoo uniambie kwa mdomo wako. Sauti yako bado naijua, na hiyo haihitaji mtu wa kunisomea.

Anayeandika ni dada yako, nasikia kalamu. Mara nimenyamaza na kalamu inakwenda. Mara nasema maneno mengi na kalamu imesimama. Kwa hiyo mimi mama yako sijui barua hii imekwambia nini.

Mama